Ramani ya Nyumba Sitini na Nne

"Toa hiyo karatasi ukutani, Mwalimu. Leo. Si kesho."

"Mama Mwihaki, watoto wameifanyia kazi wiki sita."

"Hata wangefanya miaka sita! Nyumba yangu inatafuta nini hapo juu? Nani alikutuma uiandike?"

Ni saa nne na nusu asubuhi, wakati wa mapumziko, lakini hakuna anayecheza uwanjani. Wanafunzi wa darasa la saba wamebanana dirishani wakitazama ndani. Mwalimu Edinah amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi. Mbele yake amesimama Wanjuhi, mama yake Mwihaki wa darasa hilo na mwenye duka la nafaka njia panda, leso bado kiunoni na unga wa mahindi kwenye mikono. Ametoka dukani mbio.

Kinachogombaniwa kimejaa ukuta mzima wa nyuma. Ni karatasi nane za manila zilizogandishwa kwa gundi ya unga wa ngano: mto, josho la ng'ombe, chemchemi tatu, na nyumba sitini na nne. Kila nyumba ina jina la mwenyewe. Chini ya baadhi ya majina kuna mwaka, umeandikwa kwa wino mwekundu.

Shule hii iko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kipkelion. Jina lake limeachwa nje ya habari hii kwa ombi la mwalimu, na majina ya watu yamebadilishwa. Ukiisoma mpaka mwisho utajua sababu.

Edinah ana miaka thelathini na tisa na watoto watatu. Alizaliwa upande wa Sigowet, katika kabila la wenyeji wa hapa, mama yake akiwa mchuma chai. Amefundisha hapa tangu 1989, kwa mshahara ambao mwezi huu wa Julai 1997 haujafika shilingi elfu saba. Karatasi za manila hununua mwenyewe.

Anasema aliacha kufundisha kwa ubao peke yake kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuwa bingwa wa hesabu. "Ujazo wa mcheduara alikuwa anaukariri kama sala. Siku moja mama yake akamuuliza, pipa hili linaingia ndoo ngapi? Akabaki kukodoa macho. Nikajiambia, Edinah, huyu umemfundisha nini?"

Tangu hapo kila muhula huanza na swali moja linalomuuma mtu. Wanafunzi ndio huleta swali. Yeye hufungua silabasi na kutafuta ni mada zipi zitafundishwa kwa swali hilo. Halafu huuliza: jibu likipatikana, nani nje ya shule atalitumia?

"Kama hakuna mtu wa nje anayelihitaji, hiyo si kazi. Ni mchezo wa kupitisha wakati."

Wazazi hawakumwelewa upesi. Mwaka ambao wanafunzi walichunguza kwa nini choo cha shule kinajaa kila mvua ikinyesha, baba mmoja alimjia juu: "Nimeleta mtoto asome, wewe unamfundisha kuhesabu mavi!" Choo kilihamishwa, na shule ikapanda nafasi sita kwenye mtihani wa darasa la nane. Kelele zikapungua.

Swali la muhula huu lilikuja na msiba. Baada ya mvua za Aprili, wanafunzi kumi na mmoja waliugua homa ya matumbo. Chepyegon wa darasa la nne alizikwa Mei. Waliporudi kutoka mazishini, msichana mmoja aliinua mkono. "Madam, ni maji gani yalimuua?"

Hapo kazi ikaanza. Walipima mwendo kwa kamba yenye mafundo. Walikinga maji kwa debe huku wakiangalia saa ya mwalimu mkuu. Waligawanyika makundi tisa, kila kundi na kitabu chake cha kuandikia, wakaingia nyumba kwa nyumba na maswali matatu. Mnateka maji wapi? Nani aliugua mwaka huu? Na la tatu: familia yenu ilianza kuteka maji hapa mwaka gani?

La tatu lilitoka kwa Edinah mwenyewe. Alitaka kujua kama waliokunywa maji hayo muda mrefu huugua kidogo kuliko wageni.

"Swali zuri. Kwa kitabu, swali zuri sana," anasema, na macho yake hayatoki sakafuni.

Jibu lilikuwa wazi. Kati ya wagonjwa thelathini na mmoja, ishirini na watatu walikunywa kutoka chemchemi ya chini, ile iliyo chini ya josho. Wanafunzi walimwandikia barua afisa wa maji wa wilaya. Akajibu kwamba atafika Ijumaa. Akiridhika na ramani inayoonyesha nyumba na chemchemi, atatoa saruji na bomba.

Ndipo ikafika Jumanne.

"Ni nani walikuja hapa jana?" Wanjuhi anauliza sasa. Hapigi tena kelele, na hiyo inatisha zaidi.

"Wanaume wawili. Walisema wamesikia sifa za ramani."

"Ni wazazi wa hapa?"

"Sikuwajua."

"Mmoja alimuuliza Mwihaki, nyumba yenu ni gani. Mtoto ni mtoto, akaonyesha kwa kidole. Akamuuliza, na mbwa mnao?"

Mwihaki yuko dirishani, uso umejificha nyuma ya mwenzake.

Mtu asiyeijua nchi hii anaweza kuuliza kosa liko wapi. Mwaka si jina, wala si kabila. Lakini hapa, kwenye nyumba za wenyeji, watoto waliandika "tangu babu" au hawakuandika kitu. Nyumba kumi na tisa tu ndizo zilizokuwa na mwaka kamili: 1964, 1967, 1971. Ni za watu waliotoka mkoa wa kati, wakanunua mashamba. Mwaka wa tisini na mbili, kabla ya kura, nyumba za namna hiyo zilichomwa. Ya Wanjuhi na mumewe Kiarie ilikuwa mojawapo. Walilala kanisani Londiani miezi minne, wakarudi, wakajenga upya. Na mwaka huu Desemba kuna kura tena.

Hakuna aliyehitaji kueleza. Wino mwekundu ulikuwa umeshaeleza.

"Mama Mwihaki," Edinah anasema. "Kuna kitu hujui. Yule mmoja alikuwa anachora kwenye pakiti ya sigara. Nilidhani anapenda kazi ya watoto. Nilichukua rula. Nikamsomea."

"Ukamsomea nini?"

"Nyumba. Moja moja."

"Na yangu?"

"Na yako."

Wanjuhi anaketi kwenye dawati la mtoto, magoti juu. Anajifuta unga mikononi kwa leso, polepole, kidole baada ya kidole.

"Nilijua si roho mbaya, Mwalimu. Ungekuwa na roho mbaya ningejua namna ya kugombana nawe."

Mwalimu mkuu, Lazarus, anaingia akiwa na barua ya afisa mkononi. Ni mtu wa taratibu na hapendi makelele. Anasikiliza, anakuna kidevu.

"Madam, tusiogope kivuli. Pengine ni watu wa kampeni tu. Funika na gazeti hadi Ijumaa, afisa aone, ndipo utoe."

"Hadi Ijumaa ni siku mbili."

"Na bila ramani utamwonyesha nini? Ameandika wazi hapa, nyumba na chemchemi. Hatoi saruji kwa hadithi. Mtoto mwingine akizikwa utaniambia nini?"

Hilo linamchoma. Edinah anaitazama chemchemi ya chini kwenye karatasi, duara la buluu alilolipaka Kiplimo kwa uangalifu mpaka ulimi ukatoka nje.

"Maji mabaya yanachemshwa," anasema. "Nitaenda jikoni kwa kila mama nimwone akichemsha. Lile lingine, Mwalimu Mkuu, sijui linachemshwa na nini."

Anafungua mlango na kuwaita wanafunzi ndani. Hawaketi.

"Ramani hii naitoa. Na vitabu vyote tisa vya maswali."

"Madam, ni yetu!" Kiplimo analipuka. "Mimi nilichora josho mara tatu!"

"Najua. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Na kosa si lenu, ni langu. Nilisahau kuuliza jambo moja: jibu letu, likiingia mkono mbaya, litafanya nini?" Anaigeukia ramani. "Sasa niambieni. Bila karatasi, nani anaweza kumtembeza mgeni kutoka josho hadi chemchemi ya chini?"

Mikono inainuka yote.

"Na idadi ya wagonjwa wa chemchemi hiyo, bila jina la mtu?"

"Ishirini na watatu!" wanajibu kwa pamoja.

"Basi Ijumaa mtamtembeza afisa kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe. Akikataa, tutamwandikia tena. Na akikataa tena, tutaandika tena." Hilo ndilo tumaini lake, na hadai kwamba ni kubwa.

Anapanda kwenye dawati. Gundi imeshika sana, karatasi inatoka na rangi ya ukuta. Wanafunzi wanambebea vitabu, anavihesabu mlangoni: tisa. Jikoni, Syprose mpishi anaepua sufuria ya chai bila kuulizwa, akitazama kile kilichobebwa.

"Leo walimu watakunywa chai ya gundi," anasema, lakini hacheki, na hakuna anayecheka.

Manila inakataa kuwaka kwanza, inatoa moshi tu. Halafu inashika ghafla. Edinah anasubiri mpaka jalada la kitabu cha tisa linapojikunja na kuwa jeusi, anavuruga majivu kwa kijiti.

Wanjuhi amesimama mlangoni. "Asante. Na ile pakiti ya sigara?"

Edinah anasimama akiwa ameshika kile kijiti, moshi unamtoa machozi, au si moshi. Angeweza kurudi darasani. Kengele imeshalia, somo linalofuata ni lake. Angeweza kujiambia kwamba ameshafanya aliloweza.

"Nyumba kumi na tisa," anasema mwishowe. "Wote niliwataja. Lazima wajue kwamba nilitaja. Wajue kutoka kwangu, waamue wenyewe kama watalala kwao au la."

"Watakutukana," Wanjuhi anamwonya. "Kiarie hasa. Amejenga nyumba ile mara mbili."

"Wacha anitukane."

"Na watu wako je? Wakikuona unaingia hizo nyumba zote, moja baada ya nyingine, mwaka kama huu?"

Swali hilo Edinah analijua. Anatupa kijiti motoni. "Mwalimu Mkuu," anaita kwa sauti, "nishikie darasa la saba mpaka jioni."

Hangoji jibu. Anashuka na Wanjuhi njia ya matope kati ya mahindi. Njia panda, Kiarie yuko nje ya duka akipanga magunia. Anawaona, ananyooka, anamtazama mkewe kwanza, kisha mwalimu.

"Mzee," Edinah anasema, kabla hata hajasalimu, "nimekuja kukuambia kitu nilichofanya jana."