Ikulu Yenye Zizi la Ndama

Wenzangu mliosoma enzi za kitabu kimoja kwa darasa zima mtanielewa. Watoto wa siku hizi wakitaka kuiona Ikulu wanabonyeza simu. Sisi pale Mgori tulipewa kitabu kilichochanika, na Ikulu yenyewe ilibaki nusu ukurasa: kipande cha ukuta mweupe, bendera, na juu hakuna bati linaloonekana. Nusu nyingine nadhani ilifungiwa karanga.

Mwalimu alitufundisha kwamba Wajerumani ndio walioijenga nyumba ile kule Dar es Salaam, Waingereza wakaipiga mizinga wakati wa vita, halafu hao hao walioibomoa wakaijenga upya. Tulicheka hadi akakasirika. Kwa adhabu, akatuagiza kila mmoja afinyange Ikulu ya udongo na kuileta Ijumaa.

Nilikimbilia kwa Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi kwenye tembe nyuma ya nyumba yetu. Paa lake lilikuwa bapa, la miti na udongo, na ndani kulikuwa na moshi, giza zuri na ndama. Tukilala kwake tulikula ugali wa uwele na mlenda, na usingizini ndama akatukoholea masikioni. Nilipapenda kuliko mahali popote duniani. Ila Baba alikuwa ameshaleta mabati, na ameapa kwamba baada ya mavuno tembe linavunjwa. Bibi hakutaka hata kusikia, maana alilisiliba kwa mikono yake mwenyewe.

"Nyumba ya Rais haina bati?" aliniuliza.

"Haina, Bibi. Nimeiona kitabuni. Juu bapa."

Alifikiri kidogo. "Basi hilo ni tembe."

Nami nikaamini kabisa. Paa bapa, ukuta mnene, ingekuwa nini kingine? Tulifinyanga siku mbili. Bibi alinionyesha namna ya kulaza fito na kushindilia udongo juu yake, tukapaka kuta jivu ziwe nyeupe. Ndani tukatenga zizi, kwa sababu mtu mkubwa kama yule hawezi kuwaacha ndama wake nje waliwe na fisi. Tulipomaliza akamwita Baba.

"Mwanangu, Rais analala kwenye tembe. Wewe na mabati yako unamzidi nini?"

Baba aliitazama Ikulu, akanitazama mimi. Maskini, ndiye aliyetuambia kila siku kwamba kilichomo kitabuni hakibishaniwi. Akasema, "Haya Mama, tusubiri mwalimu asahihishe."

Tembe la Bibi sasa lilikuwa mikononi mwa mwalimu.

Ijumaa mwalimu aliinama, akachungulia kazi yangu kupitia mlangoni. "Na hawa ni nani?"

"Ndama wa Rais, mwalimu."

Alicheka akashika meza. Alipopata pumzi alitueleza kwamba Ikulu ina matao na veranda za kupitisha upepo wa bahari, na kwamba Rais halali na ndama. Akanipa alama mbili kati ya kumi, moja ikiwa ya bendera.

Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa kinyonga. Bibi alikuwa mlangoni kwake, Baba amesimama pembeni. Nikawaamkia.

"Marahaba. Mwalimu kasemaje?" Baba aliuliza.

"Nimepata zote," nikasema. "Amelisifu sana zizi."

Ulikuwa uongo mkubwa kuliko mimi mwenyewe. Baba alikohoa, akaondoka. Mabati yakaezekewa banda la kuku, na kwa miaka mingi kwetu kuku walilala chini ya bati na Bibi chini ya udongo, kila mmoja ameridhika.

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu Ikulu ya Chamwino, huku kwetu bara kabisa, kwenye nchi ya matembe. Nikaikuza picha kwa vidole.

"Mama, unatafuta nini?"

"Zizi."

Alinicheka kama mwalimu yule. Nami nilicheka, kisha nikamkumbuka Bibi na moyo ukauma. Ile Ikulu ya Dar es Salaam ilipigwa mizinga ikajengwa tena. Tembe la Bibi liliangushwa na mvua za msimu mmoja tu baada ya kumzika, na aliyejua kulijenga tulikuwa tumeshamzika.