Kadi Iliyokatwa Baada ya Matangazo

Juzi, kwenye kaunta ya benki hapa Same, mama aliyeshuka kutoka milimani alimwaga vipande vinne vya kadi yake mbele ya karani.

“Shikamoo mama. Nani ameikata?”

“Marahaba mwanangu. Mimi mwenyewe, kwa mkasi. Baba yenu yuko wodini, nataka hela ya dawa.”

“Nipe kitambulisho nikutolee hapa.”

“Kiko nyumbani. Gari la kupanda ni saa tisa, la kushuka ni kesho.”

Akafungua karatasi. Ilikuwa barua pepe iliyochapishwa na kusomwa Jumapili kanisani kwao, pamoja na matangazo ya ndoa: wezi wananakili kadi wakiwa mbali, ikate vipande vinne, mtumie ujumbe huu kila unayempenda.

“Mama, huu ni uzushi. Umezunguka miaka.”

“Uzushi usomwe kanisani? Kwani wewe unasali wapi?”

Foleni ikacheka. Nilikuwa nyuma yake, nikaiomba karatasi, nikasoma majina ya waliousambaza ujumbe, yaliyochapishwa juu yake. La tatu lilikuwa la marehemu mke wangu. Siku alipousambaza, miaka ile, alinitumia na mimi. Nilijua si kweli, lakini nilikuwa na kazi nyingi, sikumjibu.

Uzushi una bahati, husambazwa na watu wanaopendana. Ukweli hubaki kwa sisi tusio na nafasi ya kujibu.

“Unamjua aliyeandika?” mama aliniuliza, maana niliishika karatasi muda mrefu.

Nikasema simjui. Akakusanya vipande vyake, akaenda kungoja gari. Wodini, mumewe alingoja dawa hadi kesho yake.