Mikaratusi Iliyopandwa Chemchemini

Kampuni ya tumbaku ndiyo iliyotuletea miche ya mikaratusi kama zawadi, na baraza la wanaume wa mteremko wetu ndilo lililoitafutia mahali pa kupandwa. Mwenye kuandika kumbukumbu za baraza hilo, akaziandika vibaya, ni mimi, niliyekuwa karani wa chifu. Chemchemi yetu ilikauka kwa mikono hiyo, wala si kwa mapenzi ya Mungu kama inavyosemwa siku hizi.

Haya yalitukia mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kampuni ilikuwa imeanza kuwagawia wakulima wa kusini mwa wilaya mbegu za tumbaku, nayo ilitaka kujulikana pia kwa wema. Afisa wake alifika ofisini na barua safi: kampuni ingeipa jamii msitu mdogo, bure kabisa, kwa sharti moja tu, kwamba ardhi isiwe ya mtu binafsi.

Asiyeijua Gusii hataona ugumu wa sharti hilo. Kwetu kila shamba huanzia kilimani kando ya barabara, likateremka kama utepe hadi mtoni, na ndugu wa tumbo moja huweza kununiana miaka kumi kwa mpaka wa upana wa kiganja. Basi barazani kila mzee akawa anamtazama jirani yake.

"Wewe una ile pembe ya juu," mmoja akathubutu.

"Ile pembe ni ya ng'ombe wangu. Kamuulize yeye kama anaitoa."

Tulicheka hadi chifu akagonga meza. Ndipo mtu akakumbuka chemchemi. Ardhi iliyoizunguka ilikuwa ya wote, kwa hiyo hakuna ambaye angepoteza hata hatua moja! Sijaona, kabla wala baada ya hapo, wanaume wa Gusii wakikubaliana kuhusu ardhi kwa kasi ile. Walishikana mikono kama waliofunga ndoa.

Mke wangu, aliyesimama nyuma pamoja na wanawake wenzake, aliinua mkono.

"Bwana Chifu, sisi ndio tunaoteka maji pale. Mti unaokua haraka namna hiyo, unakunywa nini?"

"Mama, utakunywa chai kama sisi sote," chifu akajibu.

Baraza lilivunjika mbavu. Mimi pia nilicheka, kisha nikaandika: "Wananchi waliafiki bila pingamizi." Uongo huo ni wangu, nami naufuta hapa kwa mkono uleule: pingamizi lilikuwepo, likajibiwa kwa mzaha.

Hata hivyo sitaionea siku ya kupanda. Ilikuwa siku tamu kupita kiasi. Kampuni iligawa kofia za kijani zenye nembo yake, na mzee wa kanisa la Waadventista, ambaye hangeruhusu hata moshi wa jirani upite uani kwake, aliigeuza yake ndani nje, akaivaa. Kwaya yake iliimba sauti nne. Mkatoliki mmoja alipomchokoza kwamba leo Wasabato wanaiimbia sigara, alijibu kwa utulivu, "Tunaiimbia miti, ndugu. Sigara itaimbiwa na ninyi."

Afisa alizawadiwa jogoo hai, akalazimika kuhutubu akiwa amemkumbatia, na kila alipotamka "maendeleo" jogoo aliwika. Alipoinama kupanda mche wa kwanza, ardhi kwa ulaini wake ilikimeza kiatu chake cha kushoto. Wanawake walikichomoa kwa vigelegele.

"Chemchemi imekuvua kiatu, shemeji! Inadai mahari!"

Nilicheza, mimi mtu wa mafaili, tai ikiwa begani. Furaha ilitulevya sote, walevi na wasioonja. Mwaka uliofuata picha ya siku hiyo ilitokea kwenye kalenda ya kampuni, na chini yake maneno: "Tunatunza chemchemi zenu."

Mikaratusi ilikua kwa kiburi. Kufikia mwaka wa tatu ilikuwa imelipita paa la kanisa kwa urefu, na bomba la chemchemi lilikuwa likidondosha badala ya kumimina.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia, "kwa kuwa wewe ni mtu wa kuandika, andika na hili: kabla ndoo moja haijajaa, nimeweza kumenya ndizi za chakula cha jioni zote."

Hatimaye hata matone yalikoma. Tangu hapo aliteremka hadi mtoni na kuupanda mlima akiwa na mtungi kichwani, mara mbili kwa siku, na magoti yake hayakumsamehe kamwe. Kisha lori la kampuni likaja, likaikata miti na kuipeleka kusini iwe kuni za mabanda ya kukaushia tumbaku. Hapo ndipo tulipofahamu zawadi ilikuwa ya nani. Kila kisiki kilichipua mashina matatu, yenye kiu kuliko la kwanza.

Kwa hiyo nadai, kwa heshima zote na bila kulegeza neno, kwamba kampuni hiyo, au yeyote aliyerithi mali na jina lake, ieleze kwa maandishi miti ile ilipandwa kwa manufaa ya nani; ing'oe visiki vyote pamoja na mizizi kwa gharama yake; na itume afisa mwenye mamlaka mbele ya baraza ambalo wateka maji watakaa mstari wa mbele, wamuulize kila walitakalo, naye asiondoke kabla hajawajibu.