Ndiyo ya Pumzi

Berit Sehlin alikuwa mpishi wa shule huko Granliden, kijiji cha kaskazini cha misonobari na theluji, kilichobakiwa na wazee, mbwa, wanawake wachache wabishi na watoto wa kuhesabika. Alilisha watoto wa watu miaka thelathini na mmoja. Wa kwake alikuwa mmoja tu, Tova, naye alihamia Malmö, kusini kabisa mwa Sweden, ukipanda treni leo unafika kesho. Tangu hapo meza ya Berit ilikuwa na viti sita na mkaaji mmoja.

Alichokitaka kilikuwa kidogo. Tova arudi kiangazi kimoja, wiki mbili tu, wakati beri za manjano zinapoiva kinamasini, waokote pamoja kama zamani. Kila mwezi wa Mei alimwuliza kwa simu, ile simu nzuri aliyoletewa na Tova mwenyewe Krismasi ya mwisho aliyokuja nyumbani. "Utakuja beri zikiiva?" Kisha kimya. Berit, kwa kumwonea haya mtoto aliyeshindwa kusema hapana, alirukia upesi habari za theluji inavyoyeyuka. Viangazi vitatu vilipita hivyo. Huko kwetu mtu yuko radhi afe kiu kuliko kuonekana ameomba maji mara mbili.

Ndipo akabuni Jiko la Jumapili. Kila Jumapili saa tisa alasiri wanawake wa vijiji vyetu, waliobaki na waliotawanyika, wakutane kwenye kompyuta, kila mtu na kahawa yake, mmoja asimulie na wengine wasikilize. Alisema anataka hadithi za mama zetu zisipotee. Ilikuwa kweli, ila kweli nusu. Nusu nyingine aliijua Sigbrit, jirani yake wa miaka sabini, aliyestaafu kuendesha gari la kusukuma theluji.

"Umejenga nyumba nzima ili mtu mmoja apite mlangoni," Sigbrit alimwambia, akitumbukiza jibini ndani ya kahawa, kama inywewavyo kwetu.

Berit akamwambia ale jibini lake.

Basi akajifunza kompyuta kwa ukaidi, kama alivyojifunza kupika supu ya watoto themanini. Alibandika tangazo dukani, akawapigia simu waliosoma naye, akawaandikia wasiopokea simu. Kufikia mwaka mpya walikuwa wanawake arobaini na watatu, mmoja wao akiwa Scotland kwa mumewe. Na Jumapili ya tatu ya mwaka huo, kati ya vijisanduku vya sura, kilitokea kimoja cheusi kisicho na sura, kimeandikwa Tova. Berit alijimwagia kahawa magotini na hadithi yote akaisimulia kombo. Baadaye hakumtajia mtoto neno, wala mtoto hakumtajia. Lakini kila Jumapili kile cheusi kilikuwepo.

Sheria ilikuwa moja: mtu asifunge maikrofoni yake, maana hadithi haisimuliwi ukuta. Sisi msimuliaji tunamwitikia. Mahali ambapo wengine wangesema "enhe", sisi tunavuta pumzi. Ndiyo yetu haitamkwi, huvutwa ndani, fyup, kama mtu anayeonja chai ya moto. Mama yake Berit alipokuwa akisimulia, jiko zima lilimvutia pumzi, na hadithi ilipanda juu ya pumzi hizo hatua kwa hatua.

Kwenye kompyuta hakikusikika kitu. Berit alitua palepale mama yake alipokuwa akitua, akasubiri, akapata kimya kikavu. Akadhani wamechoka. Akadhani wamekaa mijini hadi wamegeuka watu wa kusini, wanaosubiri hadithi iishe ndipo wapige makofi. Kilichomuuma zaidi ni kile kijisanduku cheusi. Usiku hakulala vizuri, asubuhi aliunguza uji wa shule, jambo ambalo halijapata kutokea. Na hakuwa peke yake. Kila aliyesimulia mara moja alitoa udhuru asirudie, mmoja akisema wazi kwamba ni kama kuongea ndani ya kisima. Kufikia Aprili walibaki kumi na tisa.

Wanasema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na Berit moyo ulikuwa unamfa. Akaamua Jumapili iliyofuata iwe ya mwisho. Atawaaga kwa adabu, afunge, na Mei ikija hatauliza tena habari za beri.

Siku hiyo mtandao wa Sigbrit ulikuwa umekatika, akaja na simu yake kwa Berit. Wakakaa mbalimbali ili sauti zisigongane: Berit jikoni, masikio yamezibwa na visikizio, Sigbrit chumba cha pili, mlango wazi kidogo. Zamu ilikuwa ya Ylva, mwanamke wa Umeå mwenye sauti ndogo, akisimulia jinsi bibi yake alivyomvusha ng'ombe mtoni juu ya barafu ya mwisho wa msimu. Berit alisikia sikio linamwasha, akatoa kisikizio kimoja ajikune.

Fyup, ikasikika kutoka chumba cha pili. Kisha tena, fyup. Kwenye sikio la pili, lile lililozibwa, kimya.

Aliinuka akasimama mlangoni. Sigbrit alikuwa ameinamia simu, anatikisa kichwa, anamvutia Ylva pumzi kwa moyo wote.

"Rudia," Berit akamwambia.

"Nirudie nini?"

"Ndiyo yako."

Sigbrit alimtazama kama mtu anayefikiria kumwita daktari, halafu akavuta pumzi. Kwenye kisikizio hakikuja kitu.

Walipekua simu hadi wakaliona: mahali palipoandikwa kwamba mtambo utaondoa kelele zisizohitajika. Pumzi zao zilidhaniwa upepo, zikafagiliwa. Miezi yote ile watu walikuwa wakiitikia, na mtambo ukiwafuta.

"Waliotengeneza hiki ni watu wa kusini," Sigbrit alisema, kama anayewataja wezi.

Berit akamkatiza Ylva, kitu kisichofanywa kwetu, akawaomba wote wazime fagio hilo. Ilichukua nusu saa, na mama mmoja akapotelea kusikojulikana akarudi picha ikiwa kichwa chini. Kisha Ylva akaanza upya. Bibi akatia guu la kwanza kwenye barafu, Ylva akatua.

Fyup. Kumi na nane kwa pamoja, nene na nyembamba, jiko zima. Ylva alishindwa kuendelea, akalia. Berit alishika kiti, kwa kuwa alikuwa amemsikia mama yake, na jiko lake lilikuwa na watu. Na ukingo wa kile kijisanduku cheusi, ambao huwaka mtu akitoa sauti, uliwaka kidogo, ukazimika.

Hapo Berit akasahau ukoo na mila. Mbele ya wanawake wote wale akauliza.

"Tova. Utakuja beri zikiiva?"

Ikaja pumzi moja, na ndani yake mluzi mwembamba, wa jino lililomeguka kwenye sleji ya kutelezea theluji Tova akiwa na miaka saba. Kwa mazoea tu Berit alishafungua mdomo aseme habari za theluji.

"Unaona," sauti ya Tova ikasema. "Ndivyo unavyofanya kila mwaka. Nakuitikia, wewe unaanza habari za theluji. Nikajua hunitaki, Mama."

Simu ile nzuri ilikuwa mezani kando ya kikombe. Berit aliitazama. Nayo bila shaka ilikuwa na fagio lilelile; ilikuwa imefagia pumzi tatu, za Mei tatu, na beri za miaka mitatu zilikuwa zimeozea kinamasini huku kila mmoja akimstahi mwenzake. Hizo hazirudi.

"Kwa hiyo nije?" Tova akauliza.

Berit akavuta pumzi. Halafu akaingiwa na hofu ya mtambo, akasogeza mdomo karibu kabisa na maikrofoni, akasema kwa sauti, wazi, kama mtu wa kusini.

"Ndiyo. Ndiyo, mwanangu. Njoo."