Mipira Mia Mbili na Kumi na Nne

Duane Tveit alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na kwa thelathini na saba kati ya hiyo hakuna aliyeivunja rekodi yake pale Chuo cha Aldvik, Iowa: mipira mia mbili na kumi na nne aliyoidaka katika miaka minne ya kuchezea chuo futiboli ya Kimarekani, ile ambayo mpira hurushwa na kudakwa kwa mikono. Timu za kulipwa hazikumtafuta, wala yeye hakuzitafuta. Aldvik ni chuo cha daraja la tatu. Mchezaji hasomeshwi bure kwa ajili ya mpira, na watazamaji ni wazazi na majirani waliojifunika mablanketi. Alipohitimu alimwoa Marlys, akaajiriwa kuutunza uwanja uleule, akaridhika na maisha yake.

Kisha akaja Javaris Tillery kutoka Waterloo, mwembamba, miguu mirefu, kijana aliyeosha vyombo kwenye bwalo la chuo ili apate ya kujazia ada. Mbio alikuwa nazo. Lakini baridi ya Novemba ilipobana, mikono yake iligeuka mbao. Katika mechi moja ya mwaka wake wa kwanza alidondosha mipira minne, na watu walipokwisha kuondoka Duane alimkuta ameketi peke yake kwenye benchi.

"Mpira ukija unatazama nini?" Duane akamuuliza.

"Natazama mpira, mzee. Nitazame nini tena?"

"Mwongo. Unamtazama beki anayekuja kukuvunja mbavu. Kesho njoo nyuma ya banda la mashine. Glavu ziache nyumbani."

Kesho yake Duane alichovya mipira kwenye ndoo ya maji ya barafu, akawa anairusha vibaya makusudi, mara juu, mara chini ya magoti.

"Vidole sivisikii kabisa!" Javaris akalalama.

"Vizuri. Sasa utatumia macho."

Wakafanya hivyo kila Novemba, mwaka hadi mwaka. Marlys aliwaletea supu kwenye chupa ya chai, akiwatikisia kichwa. "Nyie wawili mna wazimu," alisema, "na mmoja wenu ni mtu mzima."

Kufikia mwaka wa nne Javaris alikuwa ameikaribia rekodi, na kila mtu mjini alikuwa anahesabu. Usiku wa kuamkia mechi ya mwisho ya nyumbani, Marlys alimuuliza mumewe, "Akikupita utaumia?"

"Hata kidogo," Duane akajibu, haraka mno.

Siku za mechi kazi yake ilikuwa kushika nguzo ya mnyororo wa kupimia yadi, pembeni, upande wa wageni. Mshika nguzo hashabikii timu yoyote na hana neno katika uamuzi. Javaris aliifikia rekodi katika robo ya tatu. Jukwaa likapiga kelele, Duane akapiga makofi kimoyomoyo. Katika robo ya nne ukaja mpira mrefu kwenye pembe yake hasa. Javaris akajinyoosha, akaudaka, mguu mmoja ukagusa chini, nao mmoja unatosha kisheria, kisha akaanguka juu ya viatu vya Duane.

Mwamuzi akapunga mikono: nje, hauhesabiwi.

Mstari ule Duane alikuwa ameupaka chokaa mwenyewe asubuhi. Aliuona mguu ukikanyaga nyasi, vidole vinne kamili kabla ya chokaa. Na kifuani mwake kitu kikawa chepesi. Bado ni yangu, akawaza. Ilikuwa sekunde moja tu. Papo hapo aibu ikamshika, kama mtu aliyefumaniwa na mkono ndani ya sahani ya sadaka.

Javaris alikuwa anachomoa nyasi kwenye kofia yake ya kinga. "Kweli nilikuwa nje, mzee?"

"Ulikuwa ndani. Vidole vinne."

"Duane!" mwamuzi akafoka. "Neno moja zaidi nakutoa uwanjani."

Wachezaji wa akiba wa wageni wakaangua kicheko. "Babu anafukuzwa! Mleteeni kiti chake!"

Javaris naye akacheka. "Basi yameisha. Mimi na wewe tunajua," akasema, akakimbia kurudi kwa wenzake.

Aldvik walikuwa wanaongoza kwa pointi kumi, na dakika zilikuwa zinayoyoma. Wangeweza kabisa kukaa na mpira hadi mwisho bila kuurusha tena. Hapo ndipo Duane alipogundua kwamba anautaka mpira urushwe tena kwa Javaris. Zilibaki yadi saba ili Aldvik waruhusiwe kuendelea na mpira. Mrushaji wa Aldvik akarudi nyuma hatua tatu, akaachia mpira wa haraka katikati. Javaris akaudaka, beki akamvaa ubavuni kwa kishindo, wakaanguka wote. Mpira haukutoka mikononi: wa mia mbili na kumi na tano.

Walikuwa wamesogea yadi nane, kwa hiyo ilibidi mnyororo usogezwe. Duane akakimbia na nguzo yake, magoti yakimlia, machozi yakimganda mashavuni, akicheka peke yake. Javaris akamnyooshea mpira kutoka mbali.

"Lete huo mpira hapa," mwamuzi akasema. "Mechi haijaisha."

Wiki iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na Javaris alikuja kula kwa kina Tveit pamoja na mama yake, Bi Rochelle, ambaye alibeba pai mbili za viazi vitamu magotini njia nzima kutoka Waterloo. Mwanawe alikuwa ameshapata kazi ya kufundisha hesabu huko kwao, aanze akihitimu. Duane alikata bata mzinga, akampa kijana paja zima, kisha wakabishana juu ya mwamuzi yule mpaka Marlys akawaamuru waende kuosha vyombo.