Meza Isiyoyumba

Karani anayeandikisha vijana kwenye mpango wa kazi mjini Voi haketi kabla ya kuitikisa meza kuona kama imetulia. Kila fomu huipokea kwa mikono miwili, kama sadaka, na kila mtu humwambia kwa sauti ya asali, "Usizime simu, mwanangu, tutakupigia." Kavinya wa Miasenyi aliambiwa hayo mwaka jana, na simu haikulia; sasa asali ile inamkera. Leo, zamu yake ilipofika, kalamu ilimponyoka. Alipoinama kuiokota, akaona fomu iliyokunjwa chini ya mguu wa meza, na picha yake mwenyewe ikichungulia. Akaichomoa. Meza ikayumba, chai ya karani ikamwagika.

"Pokea kwa mikono miwili, mzee," Kavinya akasema. "Niliijaza mwaka jana."