Fuwele Katika Chetezo

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kwetu Muyeye, mtaa wa Malindi, wanalijua hilo. Mtu akiniuliza kazi yangu kisha akaanza kucheka kabla sijamaliza kujibu, humwacha pale pale nikaenda zangu. Nafanya fizikia. Nakuza fuwele, vipande vidogo vyeusi vya jamii iitwayo perovskaiti, vyenye sumaku ndani yake, na natafuta kujua elektroni zinapitaje kwenye nyuso na kingo zake. Ati, "Hiyo nayo ni kazi?" Haya, cheka.

Mamangu peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa barazani akisuka ukili wa mkeka, akaniambia, "Hebu nieleze mimi." Nikachukua kipande cha ukili wake, nikakisokota nusu mzunguko, nikazishona ncha zake kikawa pete. Nikamwambia, ukikunje, ukivute, ukitie matope, msokoto huu hautoki mpaka uufumue mshono. Ndani ya fuwele zangu hali za elektroni zina msokoto wa namna hiyo, na ile sumaku ndiyo iliyoutia. Ndiyo maana elektroni hupita ukingoni bila kuzuiwa na kasoro ndogo ndogo. Mama akaipitishia kidole ile pete mpaka akarudi alipoanzia. "Kumbe ina upande mmoja tu!" akasema, akacheka kwa furaha. Nilimpenda sana siku ile.

Fuwele njema hazipatikani ovyo. Unayeyusha unga tanurini, unaupoza polepole mno, na mara nyingi unachotoa ni takataka. Nilitoa takataka miaka na miaka, mwisho nikapata vipande vichache safi. Nilikuwa safarini kuvipeleka ng'ambo, penye mashine za kuvipimia ambazo sisi hatuna, nikapita Malindi kwanza kuwaona wazee. Nilikuwa nimevifunga kwa pamba ndani ya kichupa, na kichupa kimo mkobani. Utafiti wangu wote ulikuwa mle. Bila vile sina la kumwonyesha mtu.

Baba akafariki alfajiri, usingizini.

Kwetu maiti hacheleweshwi. Adhuhuri alikuwa keshaoshwa, alasiri akazikwa. Sanda hufukizwa udi kabla ya maiti kuvishwa, na mama alikataa mtu mwingine asiguse chetezo. Mumewe, atamfukizia mwenyewe. Mimi nilikuwa uani na wanawake wenzangu, nalia, sijui hili wala lile.

Kesho yake akaniita chumbani alimokaa eda. "Mungu akuweke, mwanangu," akasema. "Nimeuona udi uliomletea baba yako. Nimemfukizia huo."

"Udi gani, mama?"

"Ule wa kwenye pamba."

Alikuwa amefungua mkoba wangu kutafuta leso ya kufutia machozi. Mama hupika udi kwa sukari na manukato, nao ukiganda huwa vipande vyeusi vinavyong'aa. Sasa aone vipande vyeusi vinavyong'aa, vimetunzwa kama dhahabu, siku ya msiba, angedhani nini kingine?

Nilikwenda kwenye chetezo. Vilikuwamo jivuni, vimepasuka, mng'aro wote umetoka. Kaa la moto huzinyang'anya fuwele kama hizi oksijeni yake. Oksijeni ikitoka sumaku huvurugika, na sumaku ikivurugika ule msokoto nao umekwenda. Lahaula! Nilitaka kupiga ukelele nyumba nzima isikie. Nikaumeza, nikalia tena, na watu wakadhani namlilia baba tu. Nikakata shauri nisimwambie mama kitu.

Lakini mama hali. Uji unapelekwa unarudi, wali unapelekwa unarudi. Namsihi, namgombeza, wapi! Mwisho akanieleza. Jioni ile ya mwisho yeye na baba walizozana, jambo la upuuzi, samaki amezidi chumvi, na baba akalala amenuna. Kisha udi haukunukia. Alidhani ni pua imeziba kwa kulia, lakini ubani uliokuwa ukifukizwa uani aliusikia vizuri. "Udi umekataa mkono wangu," akasema. "Baba yako amekwenda na kinyongo nami."

Roho iliniuma, wallahi. Ningemwachaje na hilo? "Mama, haukuwa udi," nikamwambia. "Zilikuwa fuwele zangu, zile za kazini. Hata uzichome mwaka mzima hazinukii. Baba hakuwa na kinyongo chochote."

Akashika kichwa. "Nimekuchomea kazi yako?"

"Zitakuzwa nyingine," nikamjibu, ingawa sikuwa na hakika hata kidogo. Nikamsogezea sahani ya wali, nikidhani sasa atakula.

Hakuigusa. Akasema kwa sauti ya chini, "Udi wangu ulikuwa kabatini. Niliupika mwenyewe, ule aupendao baba yako. Nilikwisha kuutoa. Nikaurudisha, nikasema huu wa mwanangu ndio bora."

Akajifunika uso kwa mtandio.

"Kwa hiyo baba yako amekwenda bila udi," akasema. "Na wangu ulikuwapo."